Muti ya Kukanyaga Frein

Ningali nakumbuka ile mangaribi nilisikia mara ya kwanza papa yangu anasema na gari. Mwanangu, hata kama shikukuzaa, ikala kwanza, hii habari haina mbio. Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba, kwetu mu Ruashi ya Lubumbashi, na sauti yake ilikuwa inatoka mu hangar, pole pole, sawa vile muntu anasemesha mutoto wa kulala: "Kanyaga. Shikilia... shikilia. Aya, achia. Merci." Nilisimama na kifagio mu mukono. Mu hangar hamukuwa muntu mwingine. Mama yangu alikuwa alisha kufa, mwaka moya ulikuwa umepita, na mu lupangu, kiwanja yetu, tulibakia paka babiri tu, mi na ye.

Kwanza nikuambie ile gari, juu bila gari hautasikia kosa yangu.

Ilikuwa gari ya sport, ya zamani, milango mbili, pua murefu, na chini sana mpaka ukiiona unafikiri imeikala. Muzungu mumoya wa ku kazi njo alimuachia papa, siku alikuwa anarudia kwao Bulaya. Moteur ilikuwa ilisha kufa na hakuna muntu alikuwa anaitaka. Papa alikuwa ajusteur, kazi yake ilikuwa kupima na kukata chuma mu atelier ya kampuni ya mukuba, ile shaba, na muntu wa ile kazi haone chuma inaoza na kisha alale usingizi. Lakini miaka mingi hakukuwa nafasi, batoto ba ndugu walikuwa wengi mu nyumba, na gari ilibakia paka pale. Kuku zilikuwa zinataga mayai ku kiti ya nyuma. Bajirani walikuwa banaiita Nyumba ya Kuku. Mama peke yake njo alikuwa haiite vile. Ye alikuwa anamuambiaka papa: "Siku itatembea, utanipeleka nayo kwetu Kasomeno, bantu baone kama niliolewa na muntu." Papa alimujibu: ndiyo. Kisha mama aligonjwa, akakufa, na tulimupeleka Kasomeno kweli, lakini mu camion ya mizigo, mu sanduku, na vumbi yote ya ile barabara juu yake.

Nyuma ya matanga papa alifukuza kuku mu gari. Alikuwa alisha kuacha kazi, siku zake zote zilikuwa zake, na zote alizipeleka mule mu hangar. Alitosha ile moteur ya kufa, akaweka ingine, ya gari ya Japon yenye ilianguka ku barabara ya Kasumbalesa. Alikata chuma ya chini yenye ilikuwa imekuliwa na kutu, akaunga mupya. Aliinua ressort, zile chuma zenye kubeba gari, vidole ine, juu barabara ya Kasomeno haipendake gari ya kutambaa na tumbo. Siku ya kwanza aliitosha inje, bajirani mumoya alimupigia kelele toka ku mulango yake: "Papa Odile! Hii gari ya course inatembea sawa bata!"

"Bata anafikaka," papa alimujibu.

Hiyo yote aliifanya peke yake. Lakini alipofika ku frein, ile yenye kusimamisha gari, kazi ilimukatala.

Nikufasirie, mwanangu, ni kitu ya rahisi. Frein inatumika na mafuta yake, ya namna yake, yenye inapita mu tumirija mpaka ku roue, magurudumu ya gari. Papa alikuwa ametosha frein ya zamani ku roue za mbele, akaweka ya disque, ya nguvu kupita. Sasa ukifungua tumirija, hewa inaingia, na hewa ikiwa mule, unakanyaga pédale inaenda chini sawa ndizi ya kuoza, gari haisimame. Lazima kuitosha ile hewa. Na kuitosha ni kazi ya bantu babiri: mumoya anaikala mu gari, anakanyaga pédale, anashikilia, mwingine analala chini ku roue, anafungua kavise kadogo ka kuzungusha, hewa inatoka, anafunga. Kisha ule wa ndani anaachia. Mara na mara, roue kwa roue. Kidole moya haiuwake chawa.

Papa alinilomba. Mara tatu, hata leo ninazihesabia. "Odile, kuya unikanyagie kidogo. Dakika kumi tu." Mara ya kwanza nilikuwa na répétition ya chorale, mazoezi ya kuimba. Mara ya pili nilikuwa mu kufunga, nikasema sina nguvu. Mara ya tatu nilikuwa nilisha kufika ku mulango na Biblia chini ya mukono, nikamuambia bila kugeuka: "Papa, kazi ya Mungu inapita kazi ya chuma."

"Ni kweli," alisema. Hakunilomba tena.

Usinihukumu mbio. Shikuwa mutoto mubaya. Nyumba bila mama ilikuwa kimya tu. Ku kanisa kulikuwa sauti makumi tatu zinaimba. Kwetu kulikuwa paka sauti ya clé ya papa, spana yake, inaanguka ku simenti. Nilikimbia ile kimya, na nilipokimbia nilimuachia ye papa aikale mule ndani. Hiyo shikuiona. Muntu anakimbia moto, haangalie nani alibakia mu nyumba.

Sasa unasikia juu ya nini nilisimama na kifagio. Muntu mwenye alikuwa hasemake hata ku meza, anasema mu hangar, na kusema merci! Nilipeleka ile habari mu kundi yetu ya maombi, tulikuwa tunakutana mu nyumba ya mama mumoya mwenye alikuwa anatuongoza. Alifunga macho murefu. Alisema: "Ni roho ya mwanamuke. Imelala mu ile gari. Njo inamufunga papa yako asicheke, asioe tena, asikuye ku kanisa." Alinipatia kachupa ka mafuta ya kuombea. "Uyamwange mu gari, penye uzima yake inapita."

Penye uzima yake inapita. Nilifikiria siku mbili. Moteur nilikuwa naiongopa. Lakini mbele, chini ya capot, kifuniko ya moteur, kulikuwa kabidon kadogo ka plastiki na maji ya rangi ya asali ndani, na nilikuwa nilisha kumuona papa anakaangalia kila siku, anakapangusa na kitambaa sawa vile unapangusa jicho ya mutoto. Nikasema: ni hapa. Siku ya vendredi asubui papa alienda kununua mikate. Nilifungua kafuniko, nikamwanga mafuta yote, mpaka tone ya mwisho, nikasali na machozi, nikafunga. Na nilisikia amani. Ee, mwanangu, amani! Mujinga anakuwaka na amani mingi.

Ile kabidon ilikuwa ya mafuta ya frein.

Siku mbili kisha, siku ya Mungu, nyuma ya saa sita, papa alivaa shati yake ya feti, ya sikukuu. Alikuwa alisha kumaliza frein vile aliweza, ye peke yake, na alitaka kuijaribu gari ku barabara ya Luano, kule kwenye kuko lami ya muzuri, halafu samedi, jumamosi yenye kufuata, aende Kasomeno mbele mvua haijaanza. Hiyo safari njo ilikuwa moyo yake yote. Alitosha gari ku portail, mulango ya lupangu. Alifungua mulango wa pili, upande wa muntu wa kupanda, akangoja kidogo. Mi nilikuwa nasimama pale na nguo ya chorale. Kisha aliufunga ule mulango pole pole, akaenda.

Alirudia saa kumi na moya, na miguu. Shati ya feti ilikuwa nyeusi. Aliniambia maneno machache: frein ilianza kushika yenyewe, kidogo kidogo, roue zikatoa moshi, gari ikasimama katikati ya njia na haikusukumika. Bantu walimucheka kule, wengine wakamupiga na foto. Ku kesho yake camion moya iliikokota mpaka ku lupangu, na kelele ya zile roue ilijaza avenue muzima.

Mardi, siku mbili nyuma ya ile safari, nilikuwa napiga nguo pasi. Papa aliingia, akasukuma nguo kando, akaweka tupira tubiri ku meza. Tulikuwa tupira tudogo twa kufunga mafuta mu frein. Kamoya kalikuwa sawa pete. Kengine kalikuwa kamevimba, kamekuwa laini, sawa mukate mu chai.

"Haka ni kapya, toka mu kikartoni," alisema. "Na haka nilikatosha leo. Nusa."

Shikunusa. Harufu ya kachupa nilikuwa nilisha kuisikia.

"Papa, nilikuwa naiombea gari. Walisema iko roho mule. Nilikusikia, unasema nayo."

Aliikala. Mwanangu, nilikuwa nangoja fimbo, ao matusi, ningeweza kuzibeba. Papa aliangalia mikono yake tu.

"Kuya uone ile roho," alisema.

Alinipeleka mu hangar. Chini ya kiti ya mbele alitosha muti, kipande ya muhoko, muti nguvu, yenye alipasula mwenyewe, urefu wa mukono na nusu, ncha moya imefungwa na kitambaa ya mama ya zamani, isikwaruze pédale. Alinionyesha: unasukuma pédale na muti, unaikazia ku kiti, unatoka, unazunguka, unalala chini, unafungua vise. Pédale inashuka, muti inaanguka, hewa inarudia. Unaamuka, unaanza tena. Alifanya vile mara mia na mia, muzee wa magoti mubaya.

"Muti inajua kusukuma," alisema. "Haijue kusikia. Nikisema shikilia, inaanguka. Lakini nilikuwa naisemesha tu, juu nilikuwa nafikiri kama ni wewe uko mule."

Nilianza kulia. Ye hakulia.

"Gari haikukulomba sala, Odile. Mi njo nilikulomba. Na shikukulomba sala, nilikulomba muguu. Mungu alikupatia mbili."

Aliweka muti mahali yake, akaenda kula bukari yake, na ile habari hakuirudilia hata siku moya.

Ungefikiri kosa yangu inaishia pale. Hapana. Ile ya mafuta ilikuwa ujinga, na ujinga unasameheka. Yenye inaniuma ni ya nyuma. Tupira twingine tulitoka Zambia, tulikawia, tulifika na mvua ya kwanza. Papa alikuwa anakohoa. Alivaa kapoti, akaingia mu hangar, akaanza frein mupya. Na mangaribi moya, mvua inapiga malata ya juu ya nyumba, nilimusikia tena: "Kanyaga. Shikilia..." Nilitoka mu nyumba. Nilifika ku mulango ya hangar, nikaweka mukono ku chuma ya mulango. Na haya ilinishika. Nilijiambia: nitaingia, na nitamuambia nini? Atafikiri nakuya juu ya kulomba pole. Ngoja kesho, nitakuya na maneno ya muzuri.

Alikuwa haitaji maneno. Nilirudia mu nyumba.

Kesho yake homa ilimuangusha. Alimaliza siku makumi mbili ku hôpital, na alirudia ku lupangu mu sanduku. Tulimuzika hapa hapa Lubumbashi, juu mvua ilikuwa ilisha kukata barabara ya Kasomeno. Majuto ni mujukuu, mwanangu. Inakuya nyuma, na inaishi murefu.

Miaka ilipita. Niliolewa, nilizaa, bwana yangu alitangulia. Mutoto wa kwanza, Ornella, iko Lusaka. Mudogo yake iko Kinshasa. Banapigaka simu siku ya Mungu, nyuma ya misa, na simu ikikatika nyumba inakuwa vile ilikuwa nyuma ya kifo ya mama. Gari ilikuwa pale chini ya bâche, turubai yake. Kuku hazikuingia tena, nilizikataza. Siku moya nilitosha bâche, nikaikala mu kiti, mukono yangu ikaenda chini, ikakuta muti. Kitambaa ya mama ilikuwa ingali.

Njo niliandikisha jina ku masomo ya mangaribi, mécanique, ufundi wa gari. Mwanamuke paka mi. Mwalimu wetu wa masomo aliuliza: "Mama, umepotea? Couture, kushona nguo, iko mulango ya pili." Nilimuambia: "Couture najua." Miaka mitatu nilienda, na nguo ya kazi mu sakoshi pamoja na kitabu ya nyimbo. Na ku lupangu, kidogo kidogo, nilirudilia kazi ya papa. Nilitosha kutu. Niliunga chuma siku courant, umeme, inakuya, na siku haiko nilipiga papier ya kusugua na mukono. Niliweka frein ya disque na ku roue za nyuma, ye alikuwa ameweka za mbele tu. Niliipaka rangi yake, nyekundu. Kazi yote niliifanya peke yangu, na nilijisifu nayo kidogo, Mungu anisamehe. Kisha nilifika ku frein, kutosha hewa. Nikatafuta muti.

Siku moya ya mercredi, saa kumi, nililala chini ku roue ya nyuma. "Kanyaga," nilisema. "Shikilia." Muti ikaanguka. Nilianza tena. Mara ngapi, shijue. Nilisikia sauti ku portail: ni Mama Ngalula, jirani wangu, Mukasai wa kelele na wa moyo, amefunga kitambaa nyeupe, na Biblia ku mukono.

"Mama Ornella, unasemesha nani mule? Unatufichia bwana chini ya gari?"

Nilikaribia kumujibu: hakuna muntu, pita salama. Jibu ilikuwa ilisha kufika ku ulimi. Nikatoka chini ya gari, na mafuta mpaka ku nywele.

"Nasemesha muti," nilisema. "Kuya unikanyagie, mama. Dakika kumi."

"Eh! Mi naenda ku maombi, wanishangalie na mafuta ya gari?"

Ile jibu niliijua, mwanangu, ilikuwa yangu. Papa angenyamaza. Mi shikunyamaza. Nilimuonyesha muti na kitambaa yake, nikamufasiria yote, kachupa, kapira ka kuvimba, na mukono yangu ku mulango ya hangar siku ya mvua. Nilikuwa shijaiambia muntu hata mumoya, hata bwana yangu, hata padri. Mama Ngalula alisikiliza bila kucheka, na ile kwake ni kazi nguvu. Aliangalia barabara ya kwenda ku maombi. Kisha aliweka Biblia juu ya gari, akavua viatu, akaingia.

"Basi sema," alipiga kelele toka ndani. "Na utanipikia bukari na mboga ya lengalenga, muguu yangu haiko ya muti."

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia."

Alishikilia. Niliona hewa inatoka, tone kwa tone, kisha mafuta safi. Nilibakia vile, uso chini, mpaka aliniuliza kama nimelala.

Wakati ya jua, mvua ikisha kuisha, nilienda Kasomeno. Peke yangu, Mama Ngalula alikuwa na matanga kwao. Gari ilitembea sawa bata, na ilifika. Nilingoa majani ku kaburi ya mama, nikaikala. Nilikuwa nimetayarisha sala murefu, ikapotea. Nilisema paka hii: "Mama, papa amekawia. Kosa haiko yake." Kisha nilikunywa maji, nikarudia mbele giza haijaingia. Kiti ya pili ilikuwa wazi njia yote, na muti ilikuwa inapigapiga chini yake kwa kila shimo.

Sasa sikia nasaha, juu kwa ajili yake njo nilikuikalisha. Sali, mwanangu. Mi nasali asubui na mangaribi, na shitaacha. Lakini muntu wa nyumba yako akikulomba muguu, mupatie muguu, sala utaifanya ukiwa umeikala pale pamoja naye, Mungu haikatale. Ukisikia muzee anasema peke yake, usikimbie kutafuta roho. Angalia kiti gani mu nyumba yake iko wazi. Ukikosa, usingoje maneno ya muzuri ndipo uingie. Ingia bila maneno, ikala, kanyaga. Na wewe ukiwa njo ule wa chini ya gari, usiache kulomba juu walikukatala mara tatu. Lomba ya ine.

Mungu akulindie masikio, usikie sauti ya bako ingali mu nyumba. Akupatie miguu ya kuingia mu mulango yenye haya inakukataza. Na siku utakuwa muzee, umelala chini, unasema "shikilia" mu giza ya roue, akupatie mule ndani muntu, asikuachie na muti.